Mnyonge wa Daraja la Kwanza

Nchi yetu haina jina. Si kwamba hatukulitafuta. Kamati ya Jina la Taifa imekaa mwaka wa kumi na saba sasa katika hoteli moja yenye upepo mzuri, na kila mwaka hututumia taarifa kwamba kazi inakwenda vyema na kwamba herufi ya kwanza inakaribia kupatikana. Kwa hiyo nikisema "nchi yetu", msomaji asiniulize ni ipi. Hata sisi wenyewe tunangoja kuambiwa.

Mimi ni karani wa shule ya msingi. Kazi yangu ni kuandika barua, kugonga mihuri, kuchemsha chai ya mwalimu mkuu na kutunza funguo. Nimeifanya kwa miaka ishirini na miwili. Ninayaeleza haya kwa sababu siku hizi kuna watu hapa mtaani wanaonitazama kwa jicho baya nikipita, watu ambao katika maisha yao hawajawahi hata kushika mhuri. Nataka wajue kwamba kila nilichofanya nilikifanya kwa kufuata utaratibu, na barua zote ninazo.

Mambo yalianza pale Serikali ilipogundua kuwa nchini mna watoto maskini. Ugunduzi huo ulitangazwa redioni kwa siku tatu mfululizo, na wataalamu walioufanya wakavishwa nishani. Kumbe watoto hao walikuwa wakienda shuleni bila viatu, bila daftari na bila kitu tumboni, na wazazi wao walikuwa wamenyamaza tu, bila kutoa taarifa kwa mamlaka yoyote. Serikali ilihuzunika sana. Ikaunda Wizara ya Unyonge na Maendeleo Yake, na wizara ikaja na mpango mmoja mzuri ajabu ulioitwa Nyongeza ya Wanyonge: kila shule itapewa fungu la ziada kwa ajili ya kuwasaidia wanafunzi wake walio wanyonge.

Sasa, mnyonge ni nani? Hapo ndipo utaona kwamba nchi yetu ina vichwa. Huwezi kumpa mtu Nyongeza kwa kumtazama tu usoni. Wizara ikatoa fomu yenye kurasa kumi na moja, na kila mtoto akapimwa unyonge wake kwa alama mia. Kutokuwa na baba, alama ishirini. Mvua ikinyeshea kitandani, kumi; ikinyeshea jikoni peke yake, tano. Kula mara moja kwa siku, kumi na tano. Kutokuwa na viatu, kumi. Ugonjwa au kilema kisichotibiwa, ishirini, kikitibiwa, sifuri. Na kadhalika hadi mwisho.

Shule ikipata hata mtoto mmoja tu wa alama tisini kwenda juu, ilihesabiwa kuwa Shule Teule, na fungu lake lilikuwa mara tano ya shule nyingine. Mtoto huyo aliitwa Mnyonge wa Daraja la Kwanza. Ikitokea alama zake zimeshuka, Nyongeza inarudi wizarani siku hiyohiyo, maana kwa nini usaidie mtu asiyehitaji?

Sisi tulikuwa na Siwema Chando.

*

Siwema alikuwa darasa la saba, msichana mwembamba mwenye shingo ndefu na tabia ya kuinamisha sikio ukizungumza naye. Baba yake alifukiwa na kifusi kwenye machimbo ya mawe. Mama yake, Bi Zubeda, alibaki kwenye machimbo yaleyale akiponda kokoto kwa nyundo na kuziuza kwa ndoo. Nyumba yao ilivuja kitandani na jikoni vilevile. Na juu ya yote hayo, Siwema alikuwa haoni vizuri. Vitu vya karibu vilikuwa ukungu, na vya mbali vilikuwa ukungu mzito zaidi.

Ofisa alipomaliza kumjazia fomu alikuta alama tisini na sita. Hakuamini. Akajumlisha tena mara mbili, kisha akaivua kofia yake.

"Tisini na sita!" akasema Mwalimu Mkuu Fidelis Mbonde, na machozi yakamlengalenga. "Karani, unaona? Katika shule yangu! Hizo nne zimepotelea wapi?"

"Mama yake yu hai," akajibu ofisa.

Mwalimu Mkuu akashusha pumzi. "Basi, tusimlaumu mtoto," akasema.

Toka siku hiyo shule yetu ikang'aa. Nyongeza ilipokuja, tulianza kwa kujenga Ofisi ya Nyongeza, kwa sababu huwezi kuwasaidia wanyonge ukiwa umesimama juani. Tuliijenga kwa kuligeuza darasa la nne, na darasa la nne likahamia nje, likasimama juani. Tukanunua viti vya kuzunguka. Mratibu wa Unyonge wa Wilaya akapata shangingi la kuwafikia wanyonge huko waliko, na kwa kuwa wanyonge wanaishi kwenye njia mbovu akaona si vizuri kuliharibu gari la umma, akawa analiendesha mjini tu. Walimu wakaenda semina ya siku tano ya kujifunza namna ya kumtambua mtoto mwenye njaa. Mimi pia nilikwenda. Chakula kilikuwa kizuri mno, tulikula mpaka tukasinzia wakati wa mada.

Siwema naye hakusahauliwa. Alipewa fulana yenye maandishi makubwa mgongoni: NIMESAIDIWA.

*

Usije ukadhani mtoto huyu alikuwa mjinga. Lililotutatiza ni kwamba alikuwa na akili kuliko shule nzima. Alishika masomo yote kwa masikio. Mwalimu wa hesabu, binti mmoja aitwaye Mwalimu Nakiete, alikuwa akiandika ubaoni huku akisoma kwa sauti, na Siwema alikokotoa kichwani na kutoa jibu kabla wenzake hawajamaliza kunakili swali. Shida ilikuwa mtihani wa taifa. Mtihani wa taifa ni wa karatasi, na karatasi haisemi.

Mtihani huo ulikuwa na maana kubwa kwake. Watoto mia mbili wa kwanza nchini wangechukuliwa kwenye shule ya bweni ya Serikali, kula bure, kulala bure, kusoma bure mpaka mwisho. Anayekosa, anarudi kwao. Kwao Siwema ni machimboni, kwenye nyundo. Bi Zubeda alilisema jambo hilo kila alipokuja shuleni, hadi likatuchosha.

Mwalimu Nakiete, ambaye hakuwahi kwenda semina, akafanya kosa. Madaktari wa macho walipopita zahanati kwa siku mbili, alimshika Siwema mkono akampeleka, na mtoto akarudi na miwani. Yalikuwa ni macho mapya kabisa. Siku ya kwanza Siwema alitazama ukutani darasani, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hii ramani iliyoandikwa nchi yetu, mbona ni ya nchi nyingine?"

Tukaenda kuangalia. Ni kweli, ilikuwa ya nchi nyingine, na ilikuwa imekaa hapo miaka tisa. Siku ya pili alikuta kosa katika kitabu cha hesabu cha wizara, ukurasa wa saba. Siku ya tatu akakuta makosa sita mengine. Siku ya nne Mwalimu Mkuu akamwita ofisini.

Nilikuwepo, nikimimina chai.

"Siwema, mwanangu," akasema kwa upole. "Hiyo miwani umepewa na nani?"

"Na daktari, mwalimu."

"Unajua maana yake? Kilema kisichotibiwa ni alama ishirini. Kikitibiwa ni sifuri. Toa ishirini kwenye tisini na sita."

"Sabini na sita," akasema Siwema palepale.

"Umeona? Umekwisha. Si wa Daraja la Kwanza tena. Sasa wewe unataka tukuondolee unyonge wako wote, halafu tukusaidie kwa lipi?"

Siwema akafikiri. "Lakini mwalimu, nikiwa naona, sihitaji kusaidiwa sana."

Mwalimu Mkuu akanitazama kwa huzuni, namna mtu anavyotazamana na mwenzake wakisikia mtoto akitukana wazee. Akanyoosha mkono. Siwema akaivua miwani, akampa.

Hapo sina budi kueleza kuhusu Kabati la Maendeleo. Lilikuwa kabati la chuma katika Ofisi ya Nyongeza, na ufunguo wake ulikaa kwangu, mfukoni, kwenye kamba nyekundu. Kila maendeleo aliyopata mtoto mnyonge bila kibali yalihifadhiwa humo ili yasimharibie alama zake. Siku hiyo mlikuwa na viatu jozi kumi na mbili, masweta, godoro moja la sponji lililokunjwa kwa nguvu, na taa ya sola. Mbuzi wa maziwa aliyeletwa na watu wa kanisa hakuweza kuingia kabatini, hivyo alihifadhiwa nyumbani kwa Mwalimu Mkuu, na kwa vile alilia sana usiku, baadaye alihifadhiwa ndani ya sufuria.

Nikaiweka miwani juu ya godoro, nikafunga.

"Siku ya mtihani utapewa," Mwalimu Mkuu akamwambia Siwema. "Nakuahidi mbele ya Karani. Asubuhi ya mtihani, utapewa."

Siwema akanigeukia. Alinitazama kidogo pembeni ya mahali nilipokuwa nimesimama, kama ilivyokuwa kawaida yake. "Karani, umesikia?"

"Nimesikia," nikasema. Na kweli nilikuwa nimesikia.

Mwalimu Nakiete alihamishwa juma lilelile kwa kosa la kuhujumu unyonge. Alipelekwa shule moja ya mpakani ambayo ina mlingoti wa bendera na haina wanafunzi.

*

Wiki tatu kabla ya mtihani ikaja habari kwamba Waziri wa Unyonge mwenyewe, Mheshimiwa Ruzuna Makwaya, atatutembelea kumwona Mnyonge wa Daraja la Kwanza. Shule ilishikwa na homa. Tulipaka chokaa mawe yote ya njiani. Nyumba ya kina Siwema iliongezwa tundu moja paani, kwa tahadhari. Kukatungwa risala, Siwema akachaguliwa aisome mbele ya mgeni rasmi, na kwa kuwa haoni, kazi ya kumsomea mpaka aikariri nilipewa mimi. Nilimsomea mara mbili tu. Ya tatu yeye ndiye alinisahihisha.

Siku ikafika. Vigelegele, ngoma, halaiki. Meza kuu ilikuwa na maua ya plastiki na maji ya chupa, na watoto wa darasa la nne walipangwa mstari kuyatazama. Waziri akahutubia kwanza, maana alikuwa na safari.

"Ndugu wananchi," akasema, "Serikali yenu inawapenda wanyonge. Tunawapenda hivi kwamba hatuwezi kukubali wapungue! Mwaka jana tulikuwa na wanyonge laki tatu. Mwaka huu, kwa juhudi zetu, tumefika laki tano. Mwakani, tukishikamana, kila mtoto wa nchi hii atakuwa mnyonge!"

Makofi yakavuma. Mratibu wa Wilaya alipiga mpaka saa ikamtoka mkononi.

Akaitwa Siwema. Alisimama na fulana yake ya NIMESAIDIWA, karatasi mkononi, akasema risala yote kuanzia "Mheshimiwa mgeni rasmi" mpaka "tunasema ahsante, ahsante, ahsante" bila kukwama hata mara moja. Waziri akatoa leso. Wasaidizi wake walipoona leso, nao wakatoa za kwao.

"Mtoto hodari," akasema Waziri. "Lakini mbona hiyo karatasi umeishika kichwa chini?"

Watu wote wakaikodolea macho karatasi. Kweli, ilikuwa kichwa chini, miguu juu.

"Sioni, Mheshimiwa," akasema Siwema.

"Maskini! Mwenyezi Mungu wangu, mtoto huyu haoni!" Leso ikapanda tena. "Sema, mwanangu, usiogope. Mbele ya taifa zima, niambie unataka nini. Chochote."

Katika risala swali hilo halikuwamo, na Mwalimu Mkuu alikuwa ameshaanza kuinuka. Siwema akainamisha sikio, akangoja mpaka pakawa kimya.

"Naomba miwani yangu, Mheshimiwa. Imo kabatini, Ofisi ya Nyongeza. Ufunguo anao Karani."

*

Nilifungua kabati mwenyewe, mbele ya Waziri. Godoro lilikuwa limebanwa kwa muda mrefu, likafyatuka na kumwangukia Mratibu. Viatu vikamwagika. Miwani ikadondoka, na kwa bahati nzuri haikuvunjika.

Waziri aliiokota. Akaitazama huku na huku. Leso sasa ilikuwa imerudi mkobani, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "huyu mtoto ana miwani."

Akaiinua juu, kila mtu aione.

"Wizara yangu imekuwa ikitoa Nyongeza kwa mtoto mwenye miwani. Mimi nimelia, Waziri mzima, mbele ya kamera, kwa ajili ya mtoto mwenye miwani!"

Tume ikaundwa palepale, ya watu watatu, ikakaa chini ya turubai. Ilifanya kazi kwa dakika arobaini, pamoja na pilau. Mwalimu Mkuu alipohojiwa alijibu kama mtu aliyesomea: kwamba yeye aliutilia shaka utajiri wa familia hiyo toka mwanzo, na ndiyo maana akauhifadhi ushahidi wote mahali pamoja, chini ya kufuli. Tume ikampongeza. Mwezi uliofuata akapandishwa cheo, akawa Mratibu wa Unyonge wa Mkoa.

Mimi niliulizwa swali moja tu, kama ufunguo ulikuwa kwangu muda wote. Nikasema ndiyo. Wakaandika: Karani ni mwaminifu.

Siwema alifutwa kwenye daftari la wanyonge. Na kwa kuwa mtoto hashtakiwi, akashtakiwa mama yake, Bi Zubeda, kwa kosa la kuficha maendeleo. Polisi walimkuta machimboni akiwa ameketi juu ya rundo la kokoto. Akawauliza maendeleo gani. Wakamwambia atayajua mahakamani. Kesi ilitajwa mara moja na kuahirishwa, hakimu alikuwa semina, naye akaachiwa kwa dhamana.

Miwani ikawa kielelezo. Ilitiwa kwenye bahasha ya kaki, ikafungwa kwa lakiri, ikarudishwa Kabati la Maendeleo, ufunguo ukarudi mfukoni kwangu.

*

Bi Zubeda alinijia ofisini kesho yake. Kanga yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi la mawe.

"Karani, baba yangu," akasema, "mimi wanifunge, sina neno. Lakini mtihani umebakiza wiki mbili. Mwalimu aliahidi mbele yako."

"Aliahidi kabla haijawa kielelezo, Mama Siwema. Kielelezo hakivaliwi."

"Basi nifanyeje?"

Nikamweleza kwamba inawezekana kuomba kibali cha kutumia kielelezo kwa muda. Barua inatoka kwangu, inakwenda wilaya, inakwenda mkoa, inakwenda wizarani, inarudi. Ila mimi nina kazi nyingi, nikamwambia, na isitoshe najenga, kichwa chote kiko kwenye msingi wa nyumba.

Hakuniuliza zaidi. Kwa siku sita alinipondea kokoto, tripu nzima ya lori. Sikumwomba, alizileta mwenyewe kwa ndoo kichwani, akazimwaga kiwanjani kwangu, na mimi nilizipokea kwa moyo mweupe. Siku ya saba nikaandika barua. Niliiandika vizuri sana, kwa heshima na taadhima, nikaigonga mihuri mitatu. Anayesema sikumsaidia yule mama ni mwongo.

Asubuhi ya mtihani majibu yalikuwa hayajafika. Nilipofungua dirisha la ofisi nikawakuta wote wawili chini yake. Siwema alikuwa amevaa sare iliyofuliwa na kunyooshwa kwa mkono, penseli mbili kazichomeka kwenye nywele.

"Shikamoo, Karani," akasema.

"Marahaba."

"Mwazime kwa saa tatu tu," akasema Bi Zubeda. "Mtihani ukiisha unaivua usoni kwake mwenyewe. Mimi nitakaa mlangoni, nikitoroka nayo nipigeni mawe. Karani, nakupigia magoti." Na kweli akapiga magoti pale kwenye changarawe, mwanamke mzima, mbele ya watoto.

Ufunguo ulikuwa mfukoni. Kabati lilikuwa hatua nne kutoka nilipo. Nilizipima baadaye kwa miguu, sijui kwa nini. Nilisikia joto kifuani, kitu kama huruma, na nikakumbuka kwamba ninastaafu baada ya miaka mitatu. Nikafunga dirisha.

Msimamizi wa mtihani alitoka mbali na alikuwa mtu wa sheria. Nilimweleza kuwa kuna mtoto haoni, labda asomewe maswali. Akafungua mwongozo. Mtoto asiyeona husomewa maswali, akasema, iwapo yumo kwenye daftari la wanyonge wa macho. Siwema hayumo, alifutwa kwa sababu ana miwani. Na mwenye miwani anatakiwa avae miwani yake.

"Imefungiwa, ni kielelezo," nikasema.

"Hilo ni lake na mahakama," akajibu, akatazama saa.

Nilipita pale dirishani mara kadhaa, nilikuwa na kazi upande ule. Siwema alikuwa amelaza shavu juu ya karatasi kama mtu anayeisikiliza. Jibu alitakiwa kulitia rangi katika kijiduara, na vijiduara vilikuwa mia mbili, kila kimoja si kikubwa kuliko punje ya mtama. Alivipapasa kwa kidole, akatia rangi. Kengele ilipolia, mezani kwake palikuwa na weusi wa penseli pande zote.

Matokeo yalipotoka, alikuwa wa mwisho katika wilaya. Wizara ilituma waraka kwa shule zote kueleza kisa hicho na kuwaonya watoto kwamba miwani haimsaidii mtu asiyekuwa na bidii.

*

Kibali kilifika baada ya miezi mitano. Kilikuja na barua nyingine ya kusema kesi imefutwa kwa kuwa mlalamikaji, yaani wizara, ameshasahau alilalamikia nini. Kielelezo arudishiwe mwenyewe mkono kwa mkono, atie saini, apigwe picha, na taarifa ya matumizi ya kifaa iandikwe kwenye fomu. Shule wakati huo ilikuwa na Mnyonge mwingine, mtoto wa kiume wa alama mia kamili, yatima wa pande zote mbili, na hakuna aliyekuwa na nafasi. Nikaenda mimi.

Machimboni jua lilikuwa kali na mlio wa nyundo ulitoka kila upande. Bi Zubeda aliniona kwanza. Hakunisalimia, wala hakusimama. Aliendelea kuponda. Siwema alikuwa ameketi pembeni yake, miguu kainyoosha, jiwe katikati ya mapaja. Vidole vyake vitatu vilifungwa matambara, kwa sababu nyundo haikujua wapi pa kuishia. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu, limevimba.

"Ni nini hilo jicho?" nikauliza.

"Kipande cha jiwe," akasema. "Kinaruka. Karani, shikamoo."

Alinijua kwa sauti. Nikavunja lakiri, nikampa bahasha. Akaitoa miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akavaa. Kisha akainua uso akanitazama. Kwa mara ya kwanza toka nimjue macho yake yalitua juu yangu mimi, si pembeni yangu. Alinitazama muda mrefu sana, nami nikawa sijui nishike wapi.

"Kumbe unaona," akasema.

"Naona nini?"

"Kumbe una macho mazima. Mimi siku zote nilidhani na wewe huoni vizuri. Ndiyo maana sikuwahi kukuchukia."

Niliona haya. Nasema ukweli, niliona haya mpaka jasho likanitoka, na sina pa kuandika jambo hilo katika fomu. Nikamwonyesha pa kutia saini. Alikisoma kile kikaratasi chote, mbele na nyuma, taratibu, midomo ikicheza, kana kwamba hakutaka kiishe. Akatia saini. Akashika tena nyundo yake, nikawapiga picha. Mama yake hakugeuka.

"Itakufaa," nikamwambia, ili niseme kitu.

Siwema akainua nyundo. Akapiga, na kipande cha jiwe kikaruka, kikagonga kioo cha miwani, tik, kikaanguka.

"Ndiyo, inafaa," akasema. "Haviingii tena machoni."

Nikarudi ofisini nikajaza fomu siku hiyohiyo. Penye mstari wa matumizi ya kifaa niliandika: Mnufaika anakitumia kila siku, kuanzia asubuhi hadi jioni. Wizara ilifurahi sana. Picha wameitundika kwenye ukuta wa makao makuu, ameshika nyundo, na chini yake wameandika kwamba amesaidiwa.